ARDHI HAIUZWI, JINA NDILO LINALOUZWA
*Tamko la Kamati ya Uongozi ya Tawi kuhusu wageni, nyumba na viwanja vya mwambao*

Ndugu wanachama, wapenzi wa Chama na wananchi wote wa shehia zetu za mwambao wa mashariki ya Unguja.

Tamko hili limetokana na kikao cha Jumapili iliyopita. Kilianza baada ya sala ya Alasiri, kikamalizika saa tatu za usiku, na ajenda ilikuwa moja tu: wageni wanavyopata nyumba na viwanja katika vijiji vyetu. Ni refu. Tunakuomba usilipitishe kwenye makundi kabla ya kulisoma. Lisome kwanza, kisha msomee na mzee wa nyumbani asiyekuwa na simu, maana yeye ndiye anayejua mipaka.

*1. SHERIA INASEMA NINI*

Tuanze na sheria, kwa sababu yanayosemwa barazani ni mengi na sehemu yake si ya kweli.

Ardhi ya Zanzibar haina mtu anayeimiliki moja kwa moja, awe mwenyeji au mgeni. Tangu Mapinduzi ya 1964, Mzee Karume alipotangaza kuwa ardhi yote ni mali ya Serikali na baadae kugawa eka tatu tatu kwa maelfu ya familia, sisi sote tunakaa juu ya ardhi ya umma. Tulicho nacho ni haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992 ikalithibitisha hilo, na ikasema haki hiyo ya matumizi anapewa Mzanzibari.

Mgeni hapewi haki hiyo. Anachoweza kupata ni ukodishwaji, kwa ajili ya uwekezaji, kwa mkataba na Serikali, na mkataba huo kwa jumla hauvuki miaka 99. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Kondominiamu, inayomruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, yaani fleti, bila ya kumiliki ardhi iliyo chini yake. Hapo ndipo mgeni alipofunguliwa mlango wa kununua nyumba. Miji mipya ya nyumba za kuuza tunayoiona Fumba na Paje imesimama juu ya utaratibu huo. Na mgeni anayenunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi katika miradi iliyoidhinishwa anaweza kuomba kibali cha ukaazi, yeye na familia yake.

Kuna na sheria ya mwaka 1994 ya uhaulishaji wa ardhi, iliyounda Bodi ya kuangalia ardhi inapotoka mkono mmoja kwenda mwengine.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kwa mujibu wa sheria hakuna mgeni anayeweza kununua kiwanja Jambiani, Bwejuu, Michamvi wala Matemwe. Hata kimoja. Sasa tutembee pamoja ufukweni asubuhi moja, tuhesabu nyumba zenye kuta ndefu, tuulize kila moja mwenyewe ni nani. Tutajibiwa majina ya Kizanzibari. Tutajibiwa majina ya watoto wetu.

*2. MLANGO WA NYUMA*

Hili ndilo lililotufanya tukae mpaka usiku. Sheria inamzuia mgeni, lakini haimzuii anayemkodisha jina.

Mambo yanakwenda hivi. Mgeni anapenda kiwanja. Dalali anamwambia usihangaike na mamlaka ya uwekezaji, usihangaike na mpango wala mtaji, mimi nina kijana. Kijana analetwa. Kiwanja kinanunuliwa kwa karatasi ya kijijini, kwa jina la kijana. Siku ile ile inaandikwa karatasi ya pili kwa wakili, kwamba kijana hana chake, kwamba fedha si zake, kwamba akiambiwa ahamishe atahamisha, na kwamba amekubali kukodisha kwa miaka mingi kwa bei ya kuchekesha. Karatasi ya kwanza inaonyeshwa Serikali. Ya pili inawekwa kwenye sanduku la mgeni.

Kijana mmoja wa Tawi hili alisimama Jumapili akatueleza kwa ulimi wake. Hatutaji jina lake, na tunamshukuru kwa ujasiri. Amekodisha jina lake mara mbili. Mara ya kwanza alipewa pikipiki. Mara ya pili alipewa shilingi milioni mbili. Leo kwa karatasi yeye ni mwenye viwanja viwili vya mbele ya bahari ambavyo thamani yake hawezi hata kuitamka. Na usiku yeye ni mlinzi wa getini kwenye kimoja kati ya viwanja hivyo. Mwenye nyumba kwa karatasi hana ruhusa ya kuingia ndani kunywa maji.

Akatueleza na la pili. Alipokwenda kuulizia kiwanja cha kujengea yeye mwenyewe na mkewe, aliambiwa: wewe unavyo viwili, waachie wengine.

Hapo ukumbi ulinyamaza.

Ndugu wanachama, tumezoea kusema "wageni wametunyang'anya ardhi". Tuseme ukweli. Katika mengi ya haya hakuna aliyenyang'anywa. Kuna sheria nzuri iliyowekwa kutulinda, na kuna sisi tulioitoboa kwa pikipiki.

*3. NANI ANAUMIA*

Wako wanaosema: kuna ubaya gani, kijana amepata na mgeni amepata. Tuwataje wanaoumia.

_Anaumia mwenye jina._ Barua ya madai ikija, inakuja kwake. Kesi ikifunguliwa Mahakama ya Ardhi, anaitwa yeye. Na ametia saini karatasi mbili zinazopingana, hivyo popote atakaposimama atakuwa amesema uongo mahali pamoja.

_Wanaumia warithi._ Mwenye jina akifariki, watoto wake watakuta kiwanja kwa jina la baba yao. Watadai mirathi, na ni haki yao kudhani ni mali ya marehemu. Mgeni atatoa karatasi ya sandukuni. Watu watagombana juu ya maiti ambayo haijamaliza arubaini. Tunawauliza masheikh wetu walitie jambo hili kwenye khutba: mtu anayeweka mali isiyokuwa yake kwa jina lake ili kuificha kwa Serikali, anawaachia watoto wake nini?

_Anaumia hata huyo mgeni._ Wako wageni waungwana walioambiwa na madalali kwamba hii ndiyo njia ya kawaida ya Zanzibar. Wametoa akiba ya maisha yao kwa kitu ambacho sheria haikitambui kuwa chao. Siku mwenye jina akigeuka, mgeni huyo atakwenda kushitaki nini, wakati kitendo chenyewe ni cha kuikwepa sheria?

_Na anaumia jirani ambaye hakuuza chochote._ Kiwanja kimoja kikiuzwa kwa bei ya dola, kiwanja cha pembeni nacho kinataka dola. Mwalimu wa skuli, nesi wa kituo cha afya, mvuvi, wote wanaanza kuulizwa bei ya Ulaya katika kijiji walichozaliwa. Vijana wanaooa wanapanga chumba ndani kwenye maweni au wanarudi kulala kwa wazee. Mwenye banda la kukodisha akimpata mgeni wa mwezi, anampa notisi mpangaji wa miaka.

_Wanaumia mama zetu wa mwani._ Kilimo cha mwani kilianza katika mwambao huu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa sehemu kubwa kimeshikwa na wanawake. Wengi wenu mmesomeshwa kwa mwani. Mama mmoja alitueleza kwamba njia aliyopita na marehemu mama yake kuteremka pwani imezibwa kwa ukuta, na sasa anazunguka na gunia la mwani mbichi kichwani mpaka kwenye upenyo wa hoteli. Alisema, "Bahari haijahama. Mimi ndiye niliyehamishwa." Aliyeweka ukuta ule, kwa karatasi, ni kijana wa shehia yake mwenyewe.

*4. MLANGO WA MBELE NAO UNA KASORO*

Tusionekane tunawalaumu vijana peke yao na kuisafisha Serikali. Mlango wa mbele, ule wa halali, nao unahitaji bawaba mpya.

_Kwanza, dola 100,000._ Kwetu sisi hizi ni fedha zisizoonekana. Tuchukulie dola moja ni shilingi 2,500. Hiyo ni milioni 250. Mfanyakazi anayelipwa shilingi 350,000 kwa mwezi, akiziweka zote bila ya kula, bila ya kupanda daladala, bila ya kumnunulia mtoto daftari, atazifikisha baada ya karibu miaka 60. Lakini kwa anayeuza nyumba ya chumba kimoja katika mji mkubwa wa Ulaya, ni fedha ndogo. Kiwango hicho kwetu ni mlima na kwa mgeni ni kizingiti cha mlango. Mauritius, kisiwa cha bahari yetu hii hii, inamtaka mgeni anunue nyumba ya angalau dola 375,000 katika miradi maalumu ndipo apewe ukaazi kwa sababu ya nyumba.

_Pili, miaka 99._ Mkataba unaotiwa saini mwaka 2025 unaweza kwenda mpaka 2124. Hakuna katika sisi tutakaokuwepo. Wajukuu zetu watarithi nchi ambayo mikataba yake ilisainiwa na watu wasiowajua, kwa masharti wasiyoyasoma.

_Tatu, fidia ya minazi._ Kila mzee hapa analijua hili. Kwa mila zetu mti na ardhi ni vitu viwili, mtu anaweza kuwa na mnazi katika ardhi isiyokuwa yake. Mila hiyo ilikuwa ya huruma, ilimpa masikini kivuli na kuni na nazi. Leo inatumika dhidi yetu. Mwekezaji anapokuja, mwananchi anahesabiwa minazi na migomba, analipwa kwa shina, kisha anaambiwa ardhi ni ya Serikali. Ardhi hiyo hiyo baadae inapangiwa bei kwa mita za mraba na kwa dola. Ukoo uliokaa mahali vizazi vitano unaondoka na bei ya matunda.

_Nne, giza._ Sehemu kubwa ya ardhi ya vijiji vyetu haijasajiliwa rasmi. Tunategemea kumbukumbu za wazee na karatasi zilizogongwa muhuri na sheha. Mikataba mikubwa inasainiwa mjini, na sisi tunajua kwa kuona buldoza. Sheha anaulizwa, sheha anasema na yeye ameona buldoza.

*5. MAJIBU KWA WANAOTUPINGA*

_"Mnawachukia wageni."_ Hapana. Watu wa mwambao hatujapata kumfungia mgeni mlango. Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji ahame. Na walisema tena, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake mgeni anayekaa anaingia katika taratibu za nyumba, analima pamoja na wenyeji. Mgeni anayetaka kuishi kwetu kwa sheria iliyo wazi, anayelipa kodi, anayesalimia akipita barazani na kuacha njia ya pwani wazi, huyo ni jirani yetu. Tunaye mmoja katika shehia hii ambaye tumemzika mkewe kwa mikono yetu.

_"Utalii ndio unaotulisha."_ Kweli, na wengi wetu tunafanya kazi mahotelini. Lakini hoteli ni kitu kimoja na nyumba ya mtu ni kitu chengine. Hoteli inaajiri mpishi, mfuaji, mlinzi, dereva, mwaka mzima. Nyumba ya likizo inayofunguliwa wiki sita kwa mwaka inaajiri mlinzi mmoja na kufuli. Tusichanganye mawili haya kisha tukaitetea ya pili kwa faida za ya kwanza.

_"Aliyeuza ameuza kwa hiari yake."_ Hiari ya mtu mwenye mgonjwa hospitali na ada ya skuli haijalipwa ni hiari ya namna gani? Ndiyo maana nchi huweka sheria za ardhi, ili shida ya mtu mmoja ya wiki moja isiwe hasara ya kijiji kizima ya karne moja.

_"Ardhi ni ya Serikali, nyinyi inawahusu nini?"_ Ni ya Serikali kwa niaba yetu. Hiyo ndiyo maana ya 1964. Babu aliyepewa eka tatu hakuambiwa kwamba siku moja Serikali itakuwa dalali. Aliambiwa amekombolewa.

_"Hakuna nchi inayofanya hivyo."_ Zipo nyingi, khasa za visiwa, kwa sababu kisiwa hakina pa kusogea. Shelisheli, mgeni hanunui nyumba mpaka apate idhini ya serikali. Singapore, iliyo tajiri kuliko sisi mara nyingi, tangu Aprili 2023 inamtoza mgeni anayenunua nyumba ya kuishi ushuru wa ziada wa asilimia 60 ya bei. Na visiwa vya Åland, vilivyo ndani ya Finland na vyenye mamlaka yao ya ndani, vinamtaka mtu awe na haki ya ukaazi wa visiwa hivyo au apate kibali ndipo amiliki ardhi, na sharti hilo linamhusu hata Mfini wa Helsinki. Hakuna aliyewaita watu wa Åland wabaguzi. Wamehesabu ardhi yao, wakahesabu watu wao.

Na sisi tuhesabu. Sensa ya 2012 iliwakuta Wazanzibari 1,303,569. Sensa ya 2022 ikawakuta 1,889,773. Katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya 586,000. Unguja haikuongezeka hata hatua moja.

*6. NDUGU ZETU WA NJE*

Kuna watu tusiotaka tamko hili liwaumize kwa bahati mbaya. Wako ndugu zetu, damu yetu, waliozaliwa Makunduchi au Wete, au wazazi wao walizaliwa huko, na leo wana pasi za Oman, za Uingereza, za Canada. Kwa kuwa Tanzania haikubali uraia pacha, aliyechukua uraia wa huko mbele ya sheria anahesabiwa mgeni. Anakuja kuona kaburi la babu yake kama mgeni.

Hawa nao wanatumia majina ya jamaa zao kujenga. Tofauti ni kubwa kati ya anayejenga kwa jina la dada yake ili mama yao apate pa kulala, na anayekodi jina la mtu asiyemjua ili akwepe sheria. Tunaiomba Serikali iwawekee ndugu hawa utaratibu wao wa wazi, wenye kuangalia nasaba, ili wasilazimike kupita mlango mmoja na wakwepaji. Nao tunawaambia, kwa heshima: msitupandishie bei. Ukija na riyali ukamshinda binamu yako kwenye kiwanja cha ukoo, umeshinda nini?

*7. TUNACHODAI*

Tunawataka Wawakilishi wetu wayafikishe haya Barazani, na tunaitaka Serikali iyafanyie kazi:

*(1)* Orodha ya mikataba yote ya ukodishwaji ardhi ibandikwe katika ofisi ya kila shehia: mahali, ukubwa, jina la mkodishwaji, idadi ya miaka, kodi inayolipwa na matumizi yaliyoruhusiwa. Kwa Kiswahili.

*(2)* Kabla ya mkataba wowote wa ardhi ya kijiji, uitishwe mkutano wa hadhara wa shehia, uandikwe muhtasari, na muhtasari huo uwe sharti la mkataba. Mkataba usio na muhtasari usisajiliwe.

*(3)* Kukodisha jina na kukodi jina liwe kosa lenye adhabu kwa wote watatu: mwenye jina, mwenye fedha na dalali aliyewakutanisha. Lakini kwanza itolewe miezi sita ya msamaha, mtu aende Kamisheni ya Ardhi akaeleze ukweli, na kiwanja kiingizwe katika utaratibu wa ukodishwaji wa halali, au kirudi.

*(4)* Kiwango cha dola 100,000 kipandishwe, na nyumba za kuuziwa wageni zibaki katika maeneo yaliyopangwa kwa ajili hiyo, nje ya makaazi ya vijiji.

*(5)* Kila mradi wa nyumba za kuuza utenge fungu la nyumba kwa Wazanzibari, kwa bei ya shilingi na kwa malipo ya muda mrefu. Anayejenga mji juu ya ardhi ya umma hawezi kusema umma hauumudu.

*(6)* Njia zote za asili za kuteremkia pwani zipimwe, ziwekwe kwenye ramani, na ukuta wowote ulioziba njia ubomolewe kwa gharama ya aliyeujenga.

*(7)* Fidia ihesabu ardhi na ukaazi wa ukoo, isiishie kwenye mashina ya minazi. Na pale inapowezekana, mwananchi apewe kodi ya kila mwaka badala ya fungu moja linaloisha kabla ya mfungo.

*(8)* Mkataba unapokwisha usihuishwe kimya kimya. Urudi mezani, na shehia isikilizwe tena.

*8. TUANZE NA SISI WENYEWE*

Haya yote tungeweza kuyaandika tukaishia hapo, tukapigiwa makofi kwenye makundi. Lakini kikao hakikuishia hapo, na tamko hili lisingekuwa na haki ya kusomwa kama lingeishia hapo.

Iliulizwa Jumapili: katika Kamati hii, nani amekodisha jina, nani amesimamia biashara ya namna hiyo, nani amechukua asilimia ya udalali? Swali liliulizwa na mama wa mwani, si na kiongozi. Mikono mitatu iliinuliwa. Tunawaambieni wanachama kwa uwazi: mitatu, kati ya watu kumi na moja. Na hatuna hakika kama ndiyo yote.

Kwa hiyo Tawi limeamua yafuatayo, na yanaanza leo:

*a)* Kila kiongozi wa Tawi, wa jumuiya za Chama katika eneo letu na kila anayekusudia kuomba nafasi yoyote kupitia Tawi hili ataandika tamko la ardhi: viwanja vilivyo kwa jina lake na fedha zilizovinunua zilitoka wapi. Litasomwa mbele ya wanachama. Siku 30.

*b)* Atakayekutwa amekodisha jina baada ya tarehe hiyo bila ya kusema, hatokuwa kiongozi wa Tawi hili. Awe nani, awe mtoto wa nani.

*c)* Wale watatu waliosema kwa hiari hawatofukuzwa. Wamekubali kujiuzulu nafasi zao na kubaki wanachama, na Tawi litawasaidia kutafuta ushauri wa sheria namna ya kujitoa. Anayetaka kuwafuata aje, mlango uko wazi, hatotangazwa jina.

*d)* Kijana yeyote atakayefuatwa na dalali kutafutwa jina aje kwa Katibu kabla ya kutia saini. Kama shida ni fedha ya harusi au mgonjwa, tuambiane. Tunacho kikoba, ni kidogo, lakini pikipiki isiwe bei ya pwani.

Tunajua uamuzi huu utatugharimu. Kuna wafadhili wa Chama hapa kwetu waliopata fedha kwa njia hii, na wametuma salamu tangu juzi. Kuna wanaosema tunalikata tawi tulilokalia. Tunawajibu kwamba tawi lililooza likikatwa mti haufi, na lisipokatwa ndilo litakalotuangusha sote.

Wapinzani wetu nao watalichukua tamko hili wakacheka kwamba tumejisema wenyewe. Wachukue. Tunawaalika waitishe kikao chao, waulize swali lile lile, na watutumie idadi ya mikono.

Ndugu wanachama, siku moja mtoto atauliza: pwani hii ilikuwa ya nani? Tusije tukamjibu kwa kumwonyesha karatasi yenye jina la baba yake na kumwambia haina maana yoyote. Jina la mtu ndicho kitu cha mwanzo anachopewa na wazazi wake, na ndicho pekee anachoondoka nacho. Tusilitie bei.

Mkutano wa wanachama wote utafanyika Ijumaa baada ya sala, uwanja wa skuli. Tunaomba wazee wanaojua njia za pwani waje mapema kwa ajili ya kuziorodhesha. Kina mama wa mwani watakaa mbele.



*Imetolewa na:*
Kamati ya Uongozi ya Tawi
_Sambaza kwa mwanachama mwengine. Usikate wala usiongeze neno._